Saa Nne kwa Wiki

Ijumaa moja usiku, majira ya kuchipua ya mwaka 1962, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika chuo cha MIT, Marekani, alipeleka kadi yenye matundu kwenye kompyuta ya chuo. Kwa macho kadi ile haikuwa na jambo. Ilikuwa ombi la kuchapishiwa faili, kama maombi mengine ya siku ile. Jumamosi alfajiri na mapema akarudi, akaenda kwenye kabati la karatasi zilizochapishwa, akachukua zake, akaondoka. Karatasi zile zilikuwa na nywila za watumiaji wote wa mashine.

Jina lake Allan Scherr. Hakuwa mhuni, wala hakuwa na kisasi na mtu. Shida yake ilikuwa moja: mgao wake wa kutumia kompyuta ulikuwa saa nne kwa wiki. Si saa nne ya asubuhi wala ya usiku. Ni muda wa saa nne tu, basi, kwa siku saba. Utafiti wake ulihitaji programu ndefu za kuiga mwenendo wa mashine, na saa nne zilikwisha kazi ikiwa ndiyo kwanza inakolea. Alipokosa njia ya mbele akapita ya nyuma. Kwa nywila za wenzake akawa anaingia kwa majina yao na kula saa zao.

Kinachonisumbua zaidi ni mada ya utafiti wenyewe. Scherr alikuwa anachunguza jinsi kompyuta moja inavyowahudumia watu wengi kwa wakati mmoja: wakiongezeka, kila mmoja atasubiri kiasi gani? Tasnifu yake, aliyoikamilisha mwaka 1965, ni miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa kulipima jambo hilo kwa hesabu. Yaani mtu aliyekuwa akitafuta elimu ya kugawana mashine hakugawiwa ya kumtosha.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu nami nimekuwa mgawaji, na niliyemgawia vibaya naye aliingia kwa jina la mwingine.

Mfumo wa MIT uliitwa CTSS. Uliongozwa na Fernando Corbató, ukaonyeshwa kwa mara ya kwanza Novemba 1961. Kabla yake, kompyuta kubwa za vyuo zilifanya kazi moja, zikaimaliza, ndipo zikashika nyingine. Mtu alitoboa kadi zake, akazikabidhi, akaenda zake. Majibu yalitoka baada ya saa nyingi, pengine kesho yake. Ukikosea alama moja tu, unarudi mwisho wa foleni. Wazo la Corbató na wenzake lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitenda: mashine imhudumie huyu kwa sehemu ndogo ya sekunde, imwache, imshike yule, irudi kwa huyu, kwa kasi ambayo kila aliyeketi mbele ya taipureta yake ajione ana kompyuta peke yake. Kompyuta za wingu tunazokodi leo kutoka Amazon, Google au Microsoft zimejengwa juu ya wazo hilohilo. Mashine moja ya chuma ndani ya kituo cha data hukatwa ikawa mashine pepe nyingi, na wapangaji wasiojuana huishi humo, kila mmoja akidhani nyumba nzima ni yake.

Corbató alijua kwamba penye wengi pana mengi. Katika makala aliyoitoa na wenzake mwaka 1962 alieleza foleni zenye ngazi. Programu ndogo huanzia ngazi ya juu, hupata zamu ya haraka lakini fupi. Isipomaliza kwa zamu hiyo, inashushwa ngazi moja. Huko zamu ni ndefu zaidi, ila inangoja mpaka walio juu yake wamalize. Isipomaliza tena, inashuka tena. Anayemjua muuza duka mzuri wa mtaani ataielewa mara moja. Mtoto aliyetumwa kiberiti hapangwi nyuma ya mtu anayenunua vitu vya harusi. Anapewa kiberiti chake anakwenda, na mwenye harusi, zamu yake ikifika, anahudumiwa kwa kituo bila kukatizwakatizwa. Hakuna aliyedhulumiwa hapo, na hakuna aliyelazimika kumnong'oneza mwenye duka amfikirie.

Kwa hiyo ndani ya mashine palikuwa na haki, tena haki iliyopimwa kwa sehemu za sekunde. Nje ya mashine palikuwa na daftari, na daftari halikuwa na ngazi. Kwa Scherr liliandika saa nne, likafungwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa msimamizi wa mifumo katika taasisi moja ya utafiti hapa nchini. Mfadhili alitulipia akaunti ya kompyuta za wingu: kiasi maalumu cha fedha kwa mwaka, kikiisha kimeisha. Watafiti walikuwa 14. Nilipoulizwa tugawane vipi, nikajibu bila kufikiri sana: sawa kwa sawa. Kila mtu na fungu lake la mwezi, likiisha mashine zake zinajizima mpaka tarehe 1. Niliandika programu fupi ya kusimamia jambo hilo, nikaiamini, na kikaoni nikasifiwa kwa uadilifu. Aliyegawa sawa atalaumiwa kwa lipi?

Mwezi wa tano wa mradi niliona akaunti ya mtafiti mmoja mkongwe, mzee wa watu ambaye kwa kawaida kompyuta yake ilikuwa ya kuandikia ripoti, inaendesha mashine kubwa usiku kucha. Nikafuatilia rekodi za kuingia. Aliyeingia hakuwa yeye. Alikuwa binti mmoja, mtafiti msaidizi, aliyekuwa akichambua picha za setilaiti za mashamba ya mpunga ili kukadiria mavuno kabla msimu haujaisha. Fungu lake lilikuwa likikauka kila mwezi kabla ya tarehe 10. Mzee alimpa nywila yake kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa fungu lake yeye lilikuwa linalala bila kazi.

Kanuni za taasisi zilisema kuazimana nywila ni kosa la nidhamu. Niliripoti, kama nilivyotakiwa. Kamati ikawaita wote wawili. Shahidi wa upande wa ofisi nilikuwa mimi, na karatasi zangu za rekodi zilitosha. Mzee alipewa karipio la mdomo kwa heshima ya umri wake. Binti akapewa barua ya onyo, nakala kwenye faili.

Alinifuata baada ya kikao. "Shikamoo Mwalimu." Vijana wote wa pale waliniita hivyo. Nikaitikia marahaba. Akasema, bila kupandisha sauti, "Mwalimu, mimi niliomba. Niliomba mara tatu."

"Uliomba wapi?"

"Kwenye ile anwani uliyotuandikia kwenye mwongozo."

Nilikwenda kuitazama anwani ile. Niliifungua mwenyewe siku niliyoandika mwongozo, nikakusudia barua zake ziwe zinaniangukia kwenye kisanduku changu, sikulifanya. Barua tatu za binti zilikuwemo, zote hazijafunguliwa. Zilikuwa za adabu, zenye hesabu ya saa anazohitaji na sababu zake. Ya tatu ilimalizia kwa kuuliza kama kuna utaratibu mwingine ambao yeye haujui. Nimesoma barua nyingi kazini. Hiyo siisahau.

Watu wa usalama wa kompyuta wanapokisimulia kisa cha Scherr hukitumia kuonya juu ya nywila: hata kwenye mfumo wa mwanzo kabisa nywila ziliibwa, basi zilindeni. Ni onyo la haki. Lakini faili la nywila lililolindwa vizuri lingemzuia Scherr asiibe. Lisingempa saa ya tano. Angebaki na haja yake ileile, na mtu mwenye haja na akili hakosi dirisha. Tena kosa lililoanzia kwenye njaa halikuishia kwenye njaa. Scherr, ili asiwe mkosaji peke yake, aliwagawia watumiaji wengine zile nywila. Mmoja wao, J.C.R. Licklider, mtu mzima mwenye jina kubwa katika historia ya kompyuta, akawa anaingia kwenye akaunti ya mkurugenzi wa maabara, Robert Fano, na kumwachia ujumbe wa kumchokoza. Mlango ukishavunjwa na mwenye shida, mwenye mchezo naye hupita humohumo.

Baada ya kikao kile niliomba tuandike upya utaratibu. Wazo langu la kwanza lilikuwa hili: asiyetumia fungu lake mwezi huu, lipunguzwe mwezi ujao, na kilichopunguzwa apewe anayetumia. Mhasibu wetu, mama aliyekwisha kutumikia wizarani miaka mingi, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, wewe hujauona mwezi wa sita?"

Aliyefanya kazi serikalini hahitaji maelezo zaidi. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni, na fedha isiyotumika inarudi ilikotoka. Basi mwezi wa sita kuta zilizopakwa rangi hupakwa tena, semina huota kama uyoga, matairi mapya hununuliwa yakalala stoo. "Ukimwambia mtu asipotumia atanyang'anywa," mama akasema, "atatumia hata kwa asichokihitaji. Na hutamkamata, maana risiti anazo."

Sikujua wakati ule kwamba maneno ya mama yule yalikwisha kuthibitishwa na watu wa kompyuta wenyewe. Mwaka 2011 Ali Ghodsi, Matei Zaharia na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa makala kuhusu kugawana kompyuta kwa haki, na humo wakasimulia visa viwili. Kampuni moja kubwa ya utafutaji wa intaneti iliwapa watumiaji wake wa ndani mashine za peke yao kwa sharti la kuzitumia kikamilifu. Muda si muda ikagundua kwamba watu wanachomeka ndani ya programu zao vipande vinavyozunguka pasipo mwisho wala matokeo, ili kipimo kionyeshe mashine inafanya kazi sana. Ni sawa na kufungua bomba usiku kucha ili mita isome kwamba nyumba hii ina haja kubwa ya maji. Umeme uliteketea, feni zilivuma, na hakuna kilichohesabiwa.

Kisa cha pili kilitokea Yahoo, kwenye kundi la kompyuta zilizotumia programu ya Hadoop. Palikuwa na nafasi za aina mbili: za hatua ya kwanza, ya kuchambua data vipande vipande, na za hatua ya pili, ya kujumlisha yaliyopatikana. Mtumiaji mmoja akang'amua kwamba nafasi za hatua ya kwanza ndizo zinazogombewa. Akaziandika kazi zake zote kama hatua ya pili ndefu, na ndani yake akajifanyia mwenyewe ile kazi ya hatua ya kwanza. Hakuiba nywila ya mtu. Kanuni iliyoandikwa hakuivunja. Aliitii kwa namna ambayo wenzake waliathirika, na kanuni ilikuwa haina la kumwambia.

Siwezi kuwaita watu hawa wabaya. Waliishi chini ya mgao uliowafundisha hivyo. Nimefika mahali pa kuamini kwamba kanuni ya mgao huwalea watumiaji wake kama mzazi anavyolea: ukimsikiliza mtoto anapolia tu, umemfundisha kulia. Daftari lisilosikia maombi hufundisha wizi, na kipimo kinachohesabu matumizi bila kutazama matokeo hufundisha israfu. Msimamizi akishangaa tabia za watu wake na akawatazama wao tu, bila kuitazama kanuni aliyoiandika kwa mkono wake, atawaadhibu hadi achoke.

Kipimo kisichodanganyika kirahisi ni kitu adimu, na wakulima na wafugaji walikipata kabla yetu. Mwaka 1968 Garrett Hardin aliandika makala iliyovuma sana, akidai kwamba malisho ya wote lazima yaishe, kwa kuwa kila mfugaji ana faida ya kuongeza ng'ombe mmoja zaidi. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alijibu kwa kuonyesha watu ambao malisho yao hayakuisha. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 amekitaja kijiji cha Törbel, katika milima ya Uswisi. Huko kanuni ya mwaka 1517 ilikataza mtu kupeleka kwenye malisho ya juu ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha majira ya baridi. Kumlisha ng'ombe miezi yote ya theluji kwa nyasi ulizozikata na kuzikausha mwenyewe ni gharama ambayo hakuna anayeiingia ili kudanganya daftari. Kipande cha programu kinachozunguka bure hakimgharimu aliyekiandika hata jasho.

Hapa kwetu, Wachaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro wamegawana maji ya mifongo kwa zamu vizazi na vizazi. Mfongo ni mfereji unaochepusha maji ya mto hadi migombani. Unahitaji kuzibuliwa na kukarabatiwa, na asiyetokea siku ya kazi hutozwa faini au hukosa maji. Hapo kipimo ni jembe lako, na wenzako wanakuona umelishika au hukulishika.

Kompyuta, hata hivyo, zina ugumu ambao maji hayana. Maji ni maji. Kompyuta ni vichakataji, ni kumbukumbu, ni diski, ni njia ya mtandao, na kila kazi ina njaa yake. Mimi niligawa fedha sawa nikadhani nimegawa kompyuta sawa. Makala ile ya Berkeley ina mfano ambao tangu niusome nimeuchora ubaoni kwa kila kijana aliyekuja kujifunza kwangu. Kuna vichakataji 9 na kumbukumbu ya gigabaiti 18. Watumiaji ni wawili. Kila kazi ya wa kwanza inakula kichakataji 1 na gigabaiti 4. Kila kazi ya wa pili inakula vichakataji 3 na gigabaiti 1. Ukikata kila kitu katikati, kila mmoja anapata vichakataji 4 na nusu na gigabaiti 9. Wa kwanza ataendesha kazi 2, kisha kumbukumbu inamwishia huku vichakataji vyake viwili na nusu vimekaa tu. Wa pili ataendesha kazi 1, kisha vichakataji vinamwishia huku gigabaiti 8 zimelala. Kazi 3 kwa jumla, na kila mmoja amekalia anachokihitaji mwenzake.

Watu wa Berkeley wakasema: mtazame kila mtu kwa kile anachokihitaji zaidi ya vingine, na hicho ndicho ukisawazishe. Wa kwanza, mwenye njaa ya kumbukumbu, anapewa gigabaiti 12 kati ya 18, yaani theluthi mbili, na vichakataji 3. Wa pili, mwenye njaa ya vichakataji, anapewa 6 kati ya 9, nayo ni theluthi mbili, na gigabaiti 2. Sasa wa kwanza anaendesha kazi 3, wa pili kazi 2. Mashine ni zilezile, na kazi zimekuwa 5. Zaidi ya hilo, na hili ndilo lililonivutia, walithibitisha kwa hesabu kwamba chini ya utaratibu huo mtu hapati faida kwa kudanganya haja yake. Akiomba vichakataji asivyovihitaji, anajipunguzia mwenyewe. Huyo ndiye ng'ombe wa majira ya baridi, ila ameandikwa kwa hesabu.

Zipo njia nyingine zilizokwisha kuzoeleka. Amazon ilipoleta mashine zake ndogo za aina ya T2 mwaka 2014 iliziwekea kitu kinachofanana na simtanki la nyumbani. Ile ndogo iitwayo t2.micro hujikusanyia pointi 6 kila saa, na pointi 1 ni sawa na kichakataji kufanya kazi kwa nguvu zake zote kwa dakika 1. Isipokuwa na kazi, pointi zinajaa hadi 144, ambazo ni akiba ya siku nzima. Kazi ikija kwa kishindo inachota akiba, na akiba ikiisha inarudi kwenye tone lake la kawaida bila kumkaushia jirani. Napenda hapo kwamba aliyetulia hanyang'anywi, anawekewa. Ule mwezi wa sita wa mama mhasibu haupo, angalau mpaka tangi lijae.

Sisi tuliandika utaratibu wetu kwa kuchota huku na huku. Kila mtu akabaki na fungu la msingi ambalo hakuna wa kuligusa. Asiyelihitaji aliweza kumwazima mwenzake, lakini kupitia mfumo, kwa jina lake, mbele ya macho ya wote, bila nywila kubadilisha mikono. Mzee wetu mkongwe alikuwa wa kwanza kuazima, na aliyemwazima mnamjua. Mashine zilizokuwa hazina kazi usiku tuliziachia kazi zinazoweza kukatizwa, kwa sharti kwamba mwenye fungu akirudi zinampisha. Amazon huuza mashine zake zilizolala kwa njia hiyo tangu mwaka 2009, kwa bei ya chini, na leo mteja hupewa taarifa ya dakika 2 kabla ya kunyang'anywa. Picha za setilaiti zilifaa mno kwa mtindo huo: binti alizikata vipande vidogo, kila kimoja kikimalizika kinahifadhiwa, kwa hiyo akikatizwa hapotezi zaidi ya kipande kimoja. Na ile anwani ya maombi, tuliamua isomwe na watu wawili kila Jumatatu na Alhamisi, na anayekataliwa aandikiwe sababu. Katika yote tuliyofanya hilo ndilo lilikuwa rahisi kuliko mengine, na ndilo lililobadilisha mambo kuliko mengine. Watu wengi walioomba hawakupewa walichoomba. Hatukuona tena mtu akiingia kwa jina la mwingine.

Sisemi kila mwizi amezaliwa na daftari. Mwaka 2021 kampuni zilizokuwa zikitoa dakika za kompyuta bure kwa waandishi wa programu zilivamiwa na watu waliofungua akaunti kwa wingi ili kuchimbia sarafu za kidijitali kwa umeme wa wengine. Hao hawakuwa na tasnifu ya kumaliza. Docker ikafunga sehemu ya huduma yake ya bure katikati ya mwaka huo. GitLab ikaanza kuwadai watumiaji wapya wa bure kadi ya benki ili wathibitishe kwamba ni watu kweli. Mwaka uliofuata, Novemba 2022, Heroku ikafuta mipango yake ya bure kabisa, ikitaja udanganyifu na matumizi mabaya.

Siwalaumu kwa kujilinda. Lakini fikiria kijana wa Mwanza au Kisumu anayejifunza programu kwenye kompyuta ya kuazima, fedha zake zote ziko kwenye simu, kadi ya benki inayokubalika nje hana na hajui aliye nayo. Mchimba sarafu ana kadi za kuiba za kutosha. Kijana ndiye anayebaki nje, na kwenye takwimu za kampuni hataonekana popote, kwa kuwa aliyegeuzwa mlangoni haandikwi. Kipimo kilichowekwa kumnasa mwongo kimemnasa asiye na kitu. Ningekuwa na la kuwaomba wanaoandika masharti ya huduma hizo, ningewaomba mlango mmoja tu wa pembeni, wenye mtu nyuma yake, ambapo mwalimu wa chuo au msimamizi wa kikundi anaweza kuandika: huyu namjua, mpeni.

Scherr aliondoka MIT na shahada yake, akawa mtu mwenye heshima katika kompyuta. Aliyaeleza mwenyewe baada ya miaka mingi, katika kijitabu cha kumbukumbu ya miaka 50 ya CTSS, na kisa chake sasa husimuliwa kwa tabasamu. Binti wetu alimaliza kazi yake ya mpunga msimu uliofuata. Aliomba nafasi ya masomo ya juu, na fomu ikawa na kipengele kinachouliza kama mwombaji amewahi kuchukuliwa hatua za nidhamu kazini. Alijibu kweli. Hakuitwa kwenye usaili.

Sijui kama kipengele kile ndicho kilichomkosesha. Ninachojua ni kwamba barua ya onyo bado imo kwenye faili lake, na chini yake ipo ripoti yenye sahihi yangu, isiyotaja popote kwamba aliomba kwanza. Nimeshaandika mara mbili kwa uongozi wa taasisi kueleza habari ya zile barua tatu na kuomba onyo liondolewe. Sijajibiwa. Ya tatu naiandika wiki hii.